Unga wa Kopo na Chakula cha Sahani: Kipi Kinalinda Tumbo la Askari?

Siku hizi madukani huuzwa unga wa mimea katika makopo, ukisifiwa kwamba huimarisha ukuta wa utumbo. Askari na polisi tulioko hapa Mvara tunaishi kwa mshahara usio na ziada. Yatupasa kuzipima sifa hizo kabla ya kutoa fedha.

Msingi wa dai hilo si uongo. Nyuzi za mimea zisizosagika tumboni hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huzichachua na kutoa asidi iitwayo butireti, chakula cha chembe za ukuta unaozuia vijidudu visiingie mwilini. Lakini majaribio ya unga wenyewe, kama vile inulini ya mizizi ya chikori, yameonyesha zaidi kuongezeka kwa bakteria wema. Kuhusu uimara wa ukuta kwa mtu mwenye afya, matokeo yanapingana.

Ushahidi wa sahani ni wa karibu nasi. Dk. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi 1966, alisafiri mwaka 1961 pamoja na Dk. Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, jirani na Arua, wakichunguza saratani ya watoto. Katika miaka ya 1970 Burkitt alieneza hoja kwamba wanaokula nyuzi nyingi huugua kwa nadra maradhi ya utumbo mpana.

Hoja hiyo ilitokana na kutazama tu. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitangaza jaribio la wanaume 77 wenye afya, lililofanyika Kilimanjaro. Waliohamishwa kutoka chakula cha kienyeji kwenda cha Kizungu kwa majuma 2, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, na chembe za kinga zikalegea mbele ya vijidudu. Waliohamishwa kinyume chake walipungukiwa na dalili hizo. Hata hivyo, jaribio hilo halikupima ukuta wa utumbo wenyewe.

Kwa hiyo twasema: wasimamizi wa majiko ya vikosi watangulize enyasa, maharagwe, kunde na mboga za majani, kopo lingoje ushahidi. Na mwenye kuharisha damu asitafute unga wala mboga. Aende haraka kwa daktari wa kikosi.