Hilux ya Zamani na Fedha ya Ughaibuni

Barua ya wazi kwa ndugu walioko Mbeya na Iringa, kutoka kwa jamaa zao wa ughaibuni

Pikapu haizeeki yote kwa siku moja. Injini ina umri wake, springi zina wake, bodi ina wake na chasisi ina wake, na katika hizo zote ni chasisi isiyobadilishwa kwa urahisi. Hilo ndilo jambo la kwanza kwa familia ya Mbeya au Iringa inayojiuliza kama iiuze Hilux inayowaka kila asubuhi na kutafuta iliyo mpya zaidi. Ndilo la kwanza pia kwa jamaa wa ughaibuni anayeombwa kuchangia. Maadamu gari bado linafanya kazi, jibu halimo katika mwaka wa kutengenezwa. Limo uvunguni, kwa fundi aliyelala chali na tochi na nyundo ndogo.

Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968. Zile zilizojijengea jina katika Nyanda za Juu Kusini ni za kizazi cha 1988 hadi 1997, zenye injini ya dizeli ya 3L ya lita 2.8, na zilizofuata zenye 5L ya lita 3. Injini hizo hazina turbo, na katika nyingi kati yake hakuna kompyuta inayopima mafuta. Pampu na nozeli hushughulikiwa na fundi wa pampu aliyeko mjini, gari likarudi shambani. Udhaifu wake ni mwinuko. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya mita 1,500, na barabara ya kwenda Chunya hupanda hadi mita 2,400 na ushei. Kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila mita 1,000. 5L yenye nguvu za farasi 95 hivi pale pwani hubaki na 80 hivi ikifika Mbeya. Hilux inayopanda Kitonga au Mlima Nyoka kwa gia ya pili ikiwa na mzigo haiumwi. Inapanda kama ilivyoumbwa, na fundi anayeshauri injini yote ibadilishwe kwa sababu hiyo tu anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Kinachowasukuma wengi kubadilisha gari si ubovu, ni namba. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu, kuanzia A hadi E, imekuwa kipimo cha hadhi: mwenye namba E hutazamwa kwa jicho jingine kwenye sherehe na kwenye maegesho ya benki. Herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Hilux ya 2006 iliyotumika nje miaka mingi na kushushwa bandarini juzi ina namba E, ilhali ya 2013 iliyonunuliwa ikiwa mpya ina namba C. Familia inayouza ya pili ili ipate ya kwanza imelipa fedha kurudi nyuma miaka saba. Inasikitisha, kwa kuwa fedha hiyo mara nyingi imetokana na zamu za usiku za mtu aliye mbali, aliyeamini kuwa ananunua gari jipya zaidi.

Chasisi ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko yote. Hilux imetengenezwa kubeba tani moja hivi, na katika mikoa hii mzigo hauhesabiwi kwa kilo, huhesabiwa kwa magunia. Gunia la viazi la lumbesa kutoka Isongole au Umalila huzidi kilo 100 ambazo sheria inaziruhusu. Magunia kumi yakishapangwa, pikapu imeshavuka uwezo wake kabla wapakiaji hawajakaa juu yake. Mizani za barabara kuu hazimwonyi mwenye gari. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inahusu magari ya tani 3.5 na kuendelea, na Hilux iko chini ya hapo. Lori hupimwa na kutozwa faini. Pikapu hupita bila kupimwa, na adhabu yake huilipa chasisi, kidogo kidogo.

Dalili zina mahali pake. Ufa hupenda kuanzia nyuma ya kebini, pale kebini na kisanduku cha mzigo vinapokutana, na juu ya ekseli ya nyuma karibu na vishikio vya springi. Springi zilizoongezewa majani ili gari libebe zaidi huhamishia nguvu yote kwenye vishikio hivyo, kwa hiyo pikapu inayosifiwa kuwa imeongezwa springi ndiyo ya kuchunguzwa zaidi. Kutu nayo huanzia ndani, matope yanapoganda kwenye uwazi wa chasisi. Rungwe, ambako katika maeneo mengi mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na Mufindi yenye udongo unaonata, chasisi isiyooshwa kwa ndani huoza huku rangi ya nje iking'aa. Nyundo ikigonga ikatoa mlio mkavu wa chuma, hapo ni pazima. Ikitoa mlio mzito, uliozimika, au chuma kikabonyea, pameliwa.

Ufa mmoja uliochomelewa vizuri na kuimarishwa kwa bamba si sababu ya kuuza. Ufa unaorudi palepale baada ya kuchomelewa, au kutu iliyotoboa chuma sehemu zaidi ya moja, ni sababu tosha, hata kama injini inanguruma vizuri kuliko siku ya kwanza. Gari la namna hiyo halifai kubeba watoto wa shule wala wanakwaya wa kwenda Tukuyu. Namba ya chasisi kwa kawaida imegongwa kwenye reli ya kulia karibu na gurudumu la mbele, na uchomeleaji ukiigusa, gari na kadi yake huacha kulingana, na kuliuza kunakuwa kesi.

Injini ni rahisi zaidi kuiamua. 3L na 5L hutumia mkanda wa taiming, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Kuuchelewesha ndiko kunakoua injini nyingi nzima. Hilux za 2005 hadi 2015 zenye injini ya D-4D ya lita 3 zina nguvu kubwa zaidi na hazihangaiki na mwinuko, lakini nozeli zake ni za umeme na za gharama. Washa za shaba za nozeli zikivujisha, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la chini ya injini, na injini hukauka oili huku geji ikionyesha imejaa. Anayebadilisha 5L kwa D-4D anapaswa kuiweka gharama hiyo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na kujua ni fundi yupi wa karibu aliye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kulitunza gari la zamani kumekuwa nafuu zaidi tangu mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ilipofuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Mwenye gari sasa hulipa kwa lita anayochoma, si kwa mwaka unaopita. Pikapu inayotoka mara mbili kwa wiki haidaiwi sana ikiwa imeegeshwa, na bima ndogo inaitosha kisheria. Gari la mkopo au la thamani kubwa huhitaji bima kubwa, na hiyo hukua na thamani ya gari.

Upande wa gari la kubadilishia una mitego mingi, na hapa walio ughaibuni wana la kusaidia zaidi ya kutuma fedha peke yake. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, ikitengenezwa Thailand. Kwa hiyo anayetangaza Hilux ya 2010 iliyotumika Japani aulizwe imetoka wapi hasa. Nyingi za miaka hiyo hutoka Thailand, Afrika Kusini, Australia au Uingereza, na kila nchi ina ugonjwa wake. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chasisi. Nchini Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali makubaliano ya mahakamani yanayohusu magari milioni 1.5 hivi, yakiwemo pikapu za Tacoma, kwa sababu ya chasisi zilizooza kwa kutu. Upya nao si kinga: mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamua kuwa Hilux na ndugu zake wenye injini za dizeli za lita 2.4 na 2.8, waliouzwa kati ya 2015 na 2020, walikuwa na kasoro kwenye mfumo wa chujio la moshi. Gari la Uingereza lina faida moja: historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka, pamoja na maili na maelezo ya kutu, husomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuingiza namba ya gari. Jamaa aliye Leeds au Reading anaweza kuisoma kwa dakika chache kabla senti moja haijatoka.

Juu ya bei kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine, na gari lenye umri mkubwa huongezewa ushuru wa uchakavu. Kenya hukataa kabisa gari la zaidi ya miaka 8. Tanzania hulipokea na kulitoza. Anayerudi nyumbani kuishi ana njia nyingine. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu kuingiza gari moja bila ushuru wa forodha, likiwa la mzigo usiozidi tani mbili, ikiwa amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje kwa miezi 12 au zaidi. Msamaha huo ni wa mtu anayehamia. Mjomba aliyebaki Mafinga hawezi kuutumia kwa jina lake.

Wakati mwingine gari ni zima, kazi ndiyo iliyobadilika. Mkulima wa Mbarali au Kilolo aliyeanza na tani moja na sasa ana tani tatu hahitaji Hilux mpya, anahitaji Kenta. Mwenye duka Mwanjelwa anayebeba katoni chache huhudumiwa vizuri na kirikuu ya cc 660. Katika hali hizo kuuza ni busara, na umiliki uhamishwe TRA siku hiyohiyo, kwa kuwa faini za barabarani hufuata namba ya gari na aliyeandikwa kwenye kadi.

Hilux ambayo chasisi yake ni nzima, kazi yake haijabadilika na spea zake zinapatikana, ibaki. Ifanyiwe breki, mkanda wa taiming na bushi, na fedha iliyosalia ikalime. Kwa hiyo kabla ya kuomba gari jingine, zitumwe picha za chasisi kuanzia nyuma ya kebini hadi ekseli ya nyuma, gharama za matengenezo za miaka miwili, na uzito halisi wa mzigo kwa safari moja. Na aliye ughaibuni asitume fedha kabla hajaviona vyote vitatu.