Safari ya Lilongwe Si Anasa

Yako maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi hapa Dzaleka, nayo ni haya: "Mwanafunzi maskini ataka nini Lilongwe? Kama ni soko, hapa liko. Kama ni ngoma, hapa zipo. Kama ni chakula, na ale alichopikiwa nyumbani." Wasemao hivyo ni watu wazima tunaowaheshimu, na nia yao si mbaya. Lakini kwa maoni yangu jambo hili hawakulitazama pande zote. Mimi naona kwamba kila mwanafunzi wa shule yetu, Mmalawi na mkimbizi, yafaa apelekwe kuutembelea mji mkuu angalau mara moja kabla hajamaliza kidato cha 4.

Kwanza, wanafunzi wenzangu, tufikiri ni nani anayemtembelea nani. Tangu mwaka 2014 liko tamasha la Tumaini hapa Dzaleka, lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo, Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye zaidi kwa jina la Menes la Plume. Siku za tamasha hilo watu huja kutoka Lilongwe, na wengine hutoka ng'ambo. Huja kwa mambo matatu: kutazama, kula na kununua. Hutazama Warundi wakipiga ngoma zao kubwa, na Wakongo wakiimba, na Wachewa wenyeji wakicheza. Hula chapati, sambusa na sombe, hunywa kahawa ya Wahabeshi, kisha hununua vitenge, vikapu na picha zilizochorwa na vijana wetu. Wako hata wanaolala katika nyumba zetu, na asubuhi hunywa chai pamoja na mama zetu. Sijasikia hata mmoja wao akiambiwa kwamba amekuja kwa anasa. Sisi sote twasema wamekuja kujifunza, nasi twafurahi. Basi, ikiwa mtu wa Lilongwe akija Dzaleka hujifunza, kwa nini mtu wa Dzaleka akienda Lilongwe aitwe mzururaji?

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Wazazi wangu walitoka Uvira. Katika miaka yangu 19 nimefika Lilongwe mara mbili tu, ingawa toka hapa mpaka huko ni kilomita zaidi ya 40 kidogo, njia ya kupitia Lumbadzi na Kanengo. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto mgonjwa, nikaona kitanda tu. Mara ya pili, mwaka jana, mjomba wangu alinipa siku nzima ya kutembea. Na niliyoyaona siku ile ndiyo yanayonifanya niandike.

Lilongwe haukuwa mji mkuu zamani. Makao makuu ya Serikali yalikuwa Zomba, yakahamishiwa Lilongwe mwaka 1975. Sehemu za mji zina namba, kama Area 2, Area 3, Area 47, lakini namba hizo hazifuatani kama namba za kitabuni. Aliyezaliwa mjini huzijua. Mgeni hupotea. Kijana mmoja aliyesoma hapa mbele yetu aliitwa mjini kwa mahojiano ya kazi. Alikuwa na vyeti vizuri kuliko wengi. Aliposhuka katika basi alizifuata namba kama alivyozoea kuzifuata darasani, akazunguka jua kali, akafika muda wa saa mbili umekwisha kupita, na mlango umefungwa. Je, kijana huyo alikosa elimu? La. Alikosa kutembezwa. Safari ya siku moja ingalimfaa kuliko kitabu kizima.

Sasa nije sokoni. Soko kubwa la mji wa kale liko kando ya mto Lilongwe. Huko niliona usipa, wale samaki wadogo wa ziwani kama dagaa, wameanikwa. Niliona viazi, maharage, na milima ya nguo ambazo Wamalawi huziita kaunjika nasi twaziita mitumba. Karibu na hapo, Area 2, yako maduka mengi ya Wahindi, yenye vitambaa, vyombo na vipuli vya baiskeli. Mjomba alinunua mche mmoja wa sabuni ambayo jirani yetu huuza hapa. Ndipo nilipoona kwa macho yangu tofauti ya bei ya jumla na bei ya rejareja, na nauli inavyoingia katikati yake. Hesabu hiyo tumeifanya darasani mara nyingi, lakini sikupata kuamini kwamba ni jambo la kweli mpaka nilipolipa nauli yangu.

Mama mmoja muuza maharage aliniuliza kwa Kichewa nimetoka wapi. Nikamjibu, "Dzaleka." Akashangaa, akasema alidhani Dzaleka kuna mahema tu. Nikamweleza kwamba tuna nyumba za matofali, maduka, washonaji, waokaji wa mikate, na shule ambayo watoto wa vijiji vya Dowa husoma pamoja nasi dawati moja. Akacheka kwa mshangao, akaniongezea ukufi mmoja juu ya kipimo, nyongeza ambayo wao huiita basela. Mama yule ameishi karibu nasi miaka yote, naye hatujui. Kama hatumtembelei, nani atamweleza?

Wako wanaodhani kwamba chakula si jambo la kuzungumza katika elimu. Mimi nilikula nsima kwa samaki aitwaye chambo, wa Ziwa Malawi. Nsima ni ugali wetu, ila wao huuchota laini na kuupanga kwa vipande. Mwaka 2017 UNESCO ililiingiza pishi hilo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Asubuhi nilinunua mandasi. Na sikio la Mswahili lasikia mara moja kwamba hayo ni maandazi. Vivyo hivyo katika ngoma. Wachewa wa sehemu hizi hucheza mganda, ambao huchezwa kwa mistari kama gwaride. Asili yake ni beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, ikaenezwa na maaskari wa K.A.R. siku za Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Jambo hili lanionyesha kwamba utamaduni haukai mahali pamoja. Hutembea kwa miguu ya watu, na watu wakizuiwa nao husimama.

Tena iko historia. Kaburi la Rais Banda, aliyefariki mwaka 1997, liko Lilongwe, nalo lina nguzo nne zenye maneno manne: Umoja, Uaminifu, Utii na Nidhamu. Nilisimama mbele yake nikafikiri sana. Kwa maana hapa tunapokaa sisi, siku za utawala wake palikuwa gereza, na watu wengi walifungwa hapa kwa sababu ya siasa. Mwaka 1994 Malawi ilipiga kura ya vyama vingi, akaondoka katika utawala. Na mwaka huohuo Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi. Mwanafunzi anayelala juu ya historia kama hii, tena asiuone upande wake wa pili, amesoma nusu ya somo.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza, mji huharibu vijana. Nami nakubali kwamba mji una ulevi na wezi. Lakini asiyeonyeshwa mji akiwa pamoja na mwalimu wake atauona siku moja akiwa peke yake, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi.

La pili, fedha hakuna. Ni kweli. Lakini twaweza kulima bustani ya mboga, kusuka vikapu na kupika sabuni muda wa mihula miwili, tukauza, tukalipa basi wenyewe bila kumwomba mtu.

La tatu ndilo zito, nalo ni sheria. Malawi ilijiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, lakini haikukubali kufungwa na vifungu vyake vyote, na kimoja kati ya vile ilivyovikataa ni kile cha uhuru wa kutembea. Mwezi wa Machi 2023 Serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini warudi Dzaleka, na tangu Mei mwaka ule polisi waliwaleta wengi kwa nguvu. Sote twawakumbuka watu walioshushwa hapa na magodoro yao, katika kambi iliyokusudiwa watu 10,000 au 12,000, nayo ilikuwa imekwisha kupita 50,000. Kwa hiyo wazazi wengi huogopa hata kulitaja jina la Lilongwe mbele ya watoto. Siwalaumu. Lakini amri ile yahusu makao. Matembezi ya siku moja, pamoja na walimu, kwa ruhusa iliyoandikwa na majina yote katika karatasi moja, ni jambo lingine, nalo laweza kuombwa kwa heshima. Lisiloombwa halikataliwi, wala halikubaliwi.

Basi shauri langu ni hili. Kila mwaka kidato cha 3 wapelekwe siku moja: asubuhi sokoni, mchana kwenye kaburi la Rais na majengo ya Serikali, jioni warudi. Kila mmoja aandike karatasi moja juu ya aliyoyaona, na iliyo bora ipigwe chapa katika gazeti hili. Na muhula unaofuata tuialike shule moja ya Lilongwe ije kwetu, si siku ya tamasha bali siku ya kawaida, wale sombe yetu na kuuliza wanayotaka kuuliza.

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wachewa nao husema mgeni ndiye ajaye na wembe mkali. Methali hizi mbili zasema jambo moja, kwamba mgeni ana kitu cha kumpa mwenyeji wake. Lakini wembe huo hauwezi kunyoa ikiwa mwenyewe hatoki mlangoni. Naomba walimu na wazazi wetu walifikirie jambo hili kabla ya muhula ujao, maana sisi wa kidato cha 4 twakaribia kuondoka, na wadogo zetu wako nyuma yetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha 4