Msaada ni wa Ayeyo, Laini Nayo Iwe ya Ayeyo

Siku ambayo pesa ya Inua Jamii inaingia, hakuna haja ya kuambiwa. Pita tu Soko Mugdi, hapa Garissa mjini, uangalie maduka ya maajenti. Akina mama wamekaa kwenye kivuli, wazee wameegemea bakora, na kila mmoja ameshika simu ndogo, ile ya mulika mwizi, kama ameshika yai.

Siku moja kama hiyo tulikuwa tumesimama kwa ajenti mmoja tunayefanya naye kazi. Ayeyo mmoja akaja, akaweka simu kwenye meza, akaongeza karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani ya karatasi kulikuwa na namba ya siri.

"Ayeyo, usinipe hii. Ingiza wewe mwenyewe," ajenti akamwambia.

"Mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri. Wewe ingiza tu. Si mimi nilikubeba ukiwa mdogo?"

Ajenti aliingia kwenye simu. Salio lilikuwa shilingi 45. Wenzake wote pale kivulini walikuwa wamepata ujumbe, yeye hakupata. Tukamsaidia kuuliza, na jibu likaja haraka: jina kwenye orodha ya msaada ni lake, lakini laini aliyokuwa nayo ilisajiliwa kwa jina la mjukuu wake, ambaye sasa anauza nguo Eastleigh. Ayeyo alirudi nyumbani na karatasi yake.

Tunaandika haya kwa sababu miaka mingi sisi watu wa pesa ya simu tumekuwa na wimbo mmoja: usimpe mtu PIN yako. Tumeubandika kwenye mabango na kuutuma kwa ujumbe, na watangazaji wa redio wameukariri. Ni kweli, usimpe mtu. Lakini kwa anayepokea msaada wa serikali huku kwetu, tunaona tumeanzia mwisho. Swali la kwanza ni hili: hiyo laini ni ya nani?

Turudi nyuma kidogo. Zamani msaada wa njaa Kaskazini Mashariki ulikuwa lori. Lori linafika, magunia ya mahindi na maharage yanashushwa, chifu anaita majina. Mwaka 2009 mpango wa HSNP ukaanza kulipa pesa taslimu kwa familia maskini katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Baadaye usimamizi ukawa chini ya NDMA, yaani mamlaka ya serikali ya kudhibiti ukame, na katika awamu ya tatu Garissa ikaingia pamoja na Isiolo, Samburu na Tana River. Familia iliyo kwenye orodha ya kawaida ililipwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Na ukame ukizidi, setilaiti inayopima ukijani wa malisho inaonyesha hali imeharibika, na familia zaidi zinalipwa kwa muda. Ndiyo, setilaiti. Kuna mzee wa Balambala tulimweleza hilo akacheka: yeye akitoka tu nje ya boma asubuhi anaona hakuna nyasi, mbona watu waangalie kutoka juu?

Inua Jamii nayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, kwa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na kwa watu wenye ulemavu mkubwa.

Sasa angalia jambo moja. HSNP ilianza na kadi na alama ya kidole. Kidole ni kitu cha ajabu: huwezi kumpa mjukuu aende nacho dukani. Ilibidi mama mwenyewe afike. Watu walilalamika, na walikuwa na haki, kwa sababu kutoka boma la mbali hadi mjini ni safari ya siku nzima juani. Simu imeondoa safari hiyo kwa wengi, na sisi tunajivunia. Lakini tuseme ukweli: simu pia imeondoa ulinzi wa kidole. PIN unaweza kumtuma mtu nayo. Laini unaweza kusajiliwa na mtu mwingine. Hata simu yenyewe inaweza kubaki kwa mwenye duka kama dhamana ya unga na sukari, na tumeiona hiyo kwa macho yetu, simu sita ndani ya droo moja, kila moja imefungwa raba na jina la mama kwenye kipande cha karatasi.

Kwa hivyo, mjukuu anaposema, "Acha nisajili kwa kitambulisho changu, ayeyo hajui mambo ya simu," hasemi vibaya. Mara nyingi anataka kusaidia. Lakini mfuate mpaka mwisho. Mjukuu akihama, akipoteza laini, anayeweza kuirudisha ni yeye peke yake, kwa kitambulisho chake. Laini ikikaa miezi mingi bila kutumika inafungwa, na ile namba siku moja inapewa mtu asiyewajua kabisa. Na kuna hili la madeni. Laini ikiwa na deni la kuongezewa salio, kama Fuliza, pesa yoyote ikiingia deni linakatwa kwanza. Kijana amekopa mia tano ya kubeti Jumamosi, mama yake Jumatatu anatumiwa pesa ya chakula kwenye laini hiyohiyo. Hakuna aliyeiba. Lakini mfuko wa unga haupo.

Kama ayeyo hawezi kweli, kwa ugonjwa au uzee, kuna njia halali. Inua Jamii inakubali mlezi aliyesajiliwa, mtu anayejulikana kwa jina na kitambulisho, na akifanya mchezo kuna mahali pa kumshtaki. Hiyo ni tofauti sana na kuazima laini. Mlezi anajulikana ofisini. Mwenye laini ya kuazima anajulikana na familia tu, na familia huwa zinanyamaza.

Lakini kuna wengine ambao hata ukiwaambia "sajili laini kwa jina lako" unawaongezea uchungu tu, kwa sababu hawana kitambulisho. Na hapa Garissa sababu yake inauma kuliko mahali pengine. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Ukame ulipobana, Wakenya waliokuwa wakiishi karibu na kambi waliona jirani mkimbizi anapata mgao wa unga, mafuta na matibabu, na wao wana mizoga ya ng'ombe. Wazazi wakajiandikisha kama wakimbizi, wakaandikisha na watoto. Nani angewalaumu? Watoto hao walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, vidole vyao vikasoma kwenye kompyuta: mkimbizi. Maelfu wamekwama hapo. Umepata sahani ya chakula ukiwa na miaka mitano, ukiwa na thelathini huwezi kununua laini ya simu kwa jina lako.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa ule uchunguzi wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani walikuwa wakipitishwa ili wapate kitambulisho. Ni hatua kubwa. Lakini ambaye vidole vyake viko kwenye orodha ya wakimbizi ana tatizo jingine, na lake halimalizwi na tangazo hilo. Sisi si wanasheria, na kampuni yetu haitoi vitambulisho. Tunachosema ni kwamba ukiona mtu anatumia laini ya mwenzake, usimuone mjinga kabla hujamuuliza kwa nini.

Na ndani ya kambi yenyewe kuna somo. Mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta Dadaab mpango wa Bamba Chakula: sehemu ya mgao ikawa pesa kwenye laini ya simu, ya kutumia kwa wafanyabiashara waliokubaliwa. Akina mama wengi wasiojua kusoma walijifunza. Waliweza kwa sababu laini ilikuja mikononi mwao, na mtu akakaa nao chini akawaonyesha. Huwa tunasikia ofisini kwamba "wateja wa vijijini si wa kidijitali". Hatukubaliani. Mama anayejua bei ya mbuzi wa Garissa na wa Nairobi asubuhi hiyohiyo, unamwambia hajui namba?

PIN, basi. Wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa. Usifanye hivyo, kwa sababu mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho unampa ajenti kila mara unapotoa pesa. Kama husomi, fundisha vidole: njia ya kidole juu ya vibonye, juu, kando, chini, kati. Fanya mara kumi nyumbani simu ikiwa imezimwa. Vidole havisahau. Mama mmoja wa Modogashe alituambia yeye ameweka hesabu ya mbuzi na ngamia aliokuwa nao kabla ya ule ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosa, 2020 hadi 2022. "Hiyo hesabu hata mume wangu haijui," akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Kujiandikisha kwenyewe hatutarefusha. Anza kwa chifu au naibu wa chifu, na afisa wa maendeleo ya jamii. Beba kitambulisho. Uliza kwenye baraza orodha inafunguliwa lini, maana haifunguliwi kila siku, na kuandikishwa hakumaanishi utalipwa. Ni bure. Anayeomba "ya soda" ili akuweke kwenye orodha anakuibia. Ajenti anayekata mia mbili "kwa sababu leo kuna foleni" pia anakuibia, hata kama ni ajenti wetu, na tunaomba mtuletee jina lake. Ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, wateja wa Safaricom hupiga *106#. Ukiona laini usiyoijua, usingoje.

Kuna wanaotuambia sisi tunatetea pesa ya simu kwa sababu ndiyo biashara yetu. Ni kweli ni biashara yetu. Kwa hivyo tuseme na lililo kinyume nasi. Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara pale Mororo, na Garissa ikatengwa na upande wa Nairobi. Malori yalisimama ng'ambo, na vyakula vikapanda bei. Siku kama hizo pesa kwenye simu haigeuki kuwa unga kwa kubonyeza. Kwa hivyo hatuko pamoja na wanaosema magunia yazikwe kabisa sasa kwa kuwa kuna simu. Ghala la chakula Garissa lina kazi yake. Na kiasi kisichobadilika cha shilingi 2,000, bei ya unga ikipanda, kinapungua ndani ya simu bila mtu kukigusa. Hilo si la kumfundisha mteja, ni la kuambiwa serikali.

Na sisi pia tuna deni letu. Menyu yetu ina Kiswahili na Kiingereza. Ayeyo anaongea Kisomali. Tunamtumia ujumbe wa kumtahadharisha dhidi ya matapeli kwa lugha ambayo lazima amtafute mtu amsomee, na mara nyingine anayemsomea ndiye tapeli mwenyewe. Sauti ya Kisomali kwenye simu, inayosema pesa kiasi gani imeingia na salio ni ngapi, si teknolojia ya kutoka mwezini. Tumeliomba hili ndani ya kampuni na tutaendelea kuliomba, na tunaliandika hapa ili na nyinyi mtuulize.

Yule ayeyo wa Soko Mugdi alipata laini yake. Ana kitambulisho, ilikuwa kazi ya asubuhi moja, ingawa kubadilisha namba kwenye orodha ya msaada kulimchukua safari tatu kwa ofisi. Malipo yaliyofuata tulimkuta tena kwa ajenti yuleyule. Mjukuu mwingine, msichana wa shule, alikuwa amemsindikiza, akanyoosha mkono kuchukua simu. Ayeyo akamwambia angoje nje. Akajifunika shali mpaka juu ya simu na kuanza kubonyeza, polepole. Mara ya kwanza alikosea. Foleni ikaanza kunung'unika, na ajenti akawaambia watulie, mama anahesabu pesa yake.