Kontena: Nyumba Njema si Mlango



Ukipita siku hizi kando ya barabara kuu ya Garissa, au ukivuka daraja kwenda Madogo, utaona makontena ya chuma yaliyokuja na meli. Hili limekuwa duka, lile limekuwa stoo ya saruji, na jingine lina kufuli tu na mwenyewe hayupo. Basi wakulima kadhaa wa skimu zetu za mtoni wamefika ofisini kuniuliza swali moja. Huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ukarani. Husema: "Mwalimu, nikiuza vitunguu vyangu msimu huu, je, ninunue kontena niwaweke watoto ndani?"

Jibu langu nitaliandika hapa ili lisomwe na wote. Nunua kontena ukitaka mahali pa kufungia jembe, mipira ya maji na pampu. Lakini usilinunue kuwa chumba cha kulala wala ghala la mahindi, ila kama umekwisha kuhesabu gharama ya msingi, madirisha na kivuli, na pesa zake unazo mkononi.

Kwanza tujue kitu hiki ni nini. Kontena halikutengenezwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1956 Mmarekani aitwaye Malcom McLean alipakia masanduku makubwa 58 katika meli iitwayo Ideal X, yakasafiri kutoka Newark mpaka Houston. Nia yake ilikuwa kwamba mzigo usipakuliwe kipande kimoja kimoja bandarini, bali sanduku zima liinuliwe na kuwekwa juu ya lori. Njia hiyo ilienea dunia nzima. Kwetu makontena huingia kwa bandari ya Mombasa. Mengi huingia yamejaa na kurudi matupu, kwa sababu tunaagiza shehena nyingi kuliko tunayopeleka nje. Yale yaliyozeeka huuzwa, nayo ndiyo tunayoyaona njiani. Lile dogo la kawaida lina urefu wa futi 20, upana wa futi 8 na kimo cha futi 8 na nusu, na likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya kilo 2,000.

Sitaki mtu adhani kwamba nalidharau. Lina sifa zake. Mchwa, ambao wametula nguzo na milango miaka nenda miaka rudi, hawawezi kulila. Mwizi atalitoboa kwa taabu. Tena yule mkulima ambaye hajapata hati ya shamba lake anaweza kulihamisha akihama, maadamu ana nauli ya lori lenye winchi. Sifa hizo ni za kweli, na kwa ajili ya vyombo vya kazi zinatosha.

Lakini mtoto si jembe. Hapa Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35 katika miezi mingi ya mwaka, na mwezi wa Machi hufika 37 na kuzidi. Bati la kontena ni jembamba, halina cha kuzuia jua. Likipigwa na jua tangu asubuhi, chuma hupata moto, nayo hewa ya ndani haina pa kutokea, kwa sababu sanduku hili limefanywa makusudi maji ya bahari yasiingie. Ingia saa nane mchana, mlango umefungwa, nawe utatoka mbio. Baba labda yuko shambani au chini ya mti akizungumza. Atakayeketi ndani na kitoto kichanga ni mama. Basi, wewe mume, kabla ya kulipa, muulize mkeo.

Nitawaambieni niliyoyaona kwa macho yangu. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, mbegu za vitunguu ziliwekwa ndani ya kontena lililosimama juani tangu Januari mpaka mvua za masika. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu pakiti, nami nilizihesabu sawasawa. Hata moja haikuibwa. Wakulima walipozipanda, zilizoota zilikuwa chache sana. Kufuli lilizuia mwizi, lakini joto liliingia na kuua mbegu.

Mahindi nayo yana hatari ya namna nyingine. Usiku chuma hupoa upesi, na ule unyevu uliomo hewani hugeuka matone kwenye dari, yakadondokea magunia. Mahindi yasiyokauka yakifungiwa humo huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Tusisahau mwaka 2004. Watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa, wengi wao katika Makueni na Kitui, na Kitui ni majirani zetu kwenye njia ya Nairobi. Wao hawakuponzwa na makontena. Waliponzwa na mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Lakini kontena lisilo na matundu ya hewa hutengeneza unyevu uleule. Kausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13 na nusu, uyaweke juu ya vichaga, mahali penye kupita upepo.

Wako watakaosema: "Mbona Wazungu wanakaa humo?" Ni kweli. Mjini London, mahali paitwapo Trinity Buoy Wharf, majengo ya makontena yalianza kusimamishwa mwaka 2001, nayo yanatumiwa. Lakini nyumba za namna hiyo hukatwa madirisha na kuwekewa ukuta wa pili kwa ndani wa kuzuia baridi na joto, kwa kazi ya mafundi. Anayenunua sanduku tupu akaliweka juani hajanunua nyumba ile. Amenunua ganda lake tu.

Na mto wetu? Mafuriko ya 2018, na yale ya Novemba 2023 na ya masika ya 2024, yalitufundisha. Barabara ilikatika pale Kona Punda, watu wakavuka kwa mashua. Fahamu kwamba kontena tupu lililofungwa linaweza kuelea. Maji ya kina cha futi moja yakilizunguka kabla hayajapenya ndani, yanatosha kuliinua. Usiliweke bondeni ukadhani uzito wake utaliokoa.

Basi ukiwa umekata shauri kulinunua, fanya hivi. Kwanza, lichunguze. Ingia ndani, ufungiwe mlango kitambo kidogo; ukiona mwanga unapenya, bati limetoboka. Tazama kutu chini ya sakafu. Uliza lilibeba nini, maana mbao za sakafu hutiwa dawa ya wadudu, na pengine shehena yake ilikuwa sumu. Usilaze mtoto wala usimwage nafaka juu ya sakafu hiyo. Pili, liinue juu ya nguzo za saruji kwenye pembe zake nne, mahali palipoinuka, ulifunge kwa vyuma. Tatu, mtafute fundi wa kuchomelea akate madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na kila dirisha alizungushie fremu ya chuma. Nguvu ya kontena imo katika nguzo zake za pembeni na ile fremu yake. Ukikata ukuta ovyo, utalegea. Nne, lipake rangi nyeupe juu. Tano, nalo ni kubwa kuliko yote, lijengee paa la pili la kivuli, lililoachana na bati kwa futi mbili ili upepo upite katikati. Nguzo za mathenge tunazo, tena mti huo umetusumbua vya kutosha. Majani ya mkoma tunayo. Jiko tu liwe mbali. Na petroli usiiweke ndani kamwe.

Ukijumlisha hayo yote pamoja na nauli ya lori, huenda ukaona kwamba nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa refu ingekugharimu kidogo na kukupa usingizi mwema. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Ukuta mnene wa udongo hukawia kupata moto. Hata ile nyumba ya mikeka ambayo Wasomali huiita aqal, inayojengwa na akina mama, hupitisha upepo kwa namna ambayo kontena haliwezi.

Pesa ya mavuno haiji kila mwezi. Ikitoka imetoka, na watoto wataishi ndani ya kile ulichokinunua. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi nawe, kabla ya kutoa pesa, fungua kontena hilo saa nane ya mchana, uingie, uketi humo robo saa. Kisha ndipo ukate shauri.