Mfalme aliyetoka kutafuta nyasi



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, kuna habari tunayoiruka tukikimbilia moto wa Eliya pale Karmeli. Ukame umeingia mwaka wa tatu. Mfalme Ahabu anamwita Obadia, msimamizi wa nyumba yake, wanagawana nchi: mmoja apite huku, mwingine kule, wakatafute nyasi kwenye chemchemi na mabonde. Ahabu hakuwa mtu mwema, na nyasi zenyewe zilikuwa za farasi na nyumbu wake. Lakini alitoka wanyama wakiwa bado hai.

Sisi hutoka wakishakufa. Baada ya ukame wa 2008 na 2009, Serikali iliwaahidi mifugo wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro waliofilisika, ikaitwa kifuta machozi. Ilitolewa, na ilipokelewa kwa shukrani. Ila ilichukua miaka, na mtoto aliyekosa maziwa wakati ule alikuwa ameshakua bila hayo maziwa.

Jirani zetu wa Kenya walianza njia nyingine mwaka 2015, Turkana na Wajir. Serikali ililipia bima kaya maskini, kwa ng'ombe wasiozidi 5. Picha za setilaiti huonyesha jinsi malisho yalivyopungua. Yakipungua kupita kiwango, fedha hulipwa, mfugaji anunue majani na maji. Hakuna anayesubiri kuhesabu mizoga. Mpango huo una kasoro zake, maana setilaiti haimjui mama mjane. Hata hivyo fedha ya kununua majani ina maana ng'ombe akiwa bado amesimama.

Huku Laela mvua si haba kama Longido. Malisho yetu huliwa na moto, na moto huo tunauwasha wenyewe: wa kusafisha shamba, wa kuwinda panya, mwingine hauna hata sababu. Nabii Yoeli, sura ya 1, anapolilia mifugo inayohangaika, anautaja moto pia. Kisha Novemba mvua inaanza, na maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau. Mbolea ya ruzuku tunayo tangu 2022, chanjo ya ruzuku ya mifugo ikaja 2025. Mfuko wa mbolea uko ndani, na wa kulima amelala chini. Familia hiyo imepoteza mwaka mzima kabla haijapanda. Mwenye kundi kubwa naye analisogeza kwenye mashamba ya wenzake, na ugomvi unaanzia hapo.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Tunazikumbuka upepo unapoezua mapaa. Mwaka huu, kabla ya Agosti, waamini mliomo katika serikali za vijiji ombeni mambo mawili kwenye mkutano: barabara za kuzuia moto zilimwe kuzunguka malisho, na kamati iandike malisho yanayoungua kuwa ni maafa, tarehe na eneo, taarifa ifike halmashauri wiki hiyohiyo.