Kiki haikumrudisha Rick Astley

Wiki ya UE, mtu katupia linki kwenye kundi la darasa la WhatsApp: "Maswali ya mwaka jana haya hapa." Tukakimbilia kubonyeza. Badala ya maswali, katokea kijana wa Kizungu ndani ya koti, anaimba na kucheza. Tumepigwa!

Wengi wetu tunamjua Rick Astley kwa utani huo tu. Lakini wimbo wenyewe, "Never Gonna Give You Up" wa 1987, ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki 5, na mwaka uliofuata ukashika namba moja Marekani. Mwaka 1993, akiwa na miaka 27 tu, aliacha muziki akakae na familia, binti yake akiwa bado mdogo. Utani wa linki ulianza 2007.

Watu husema intaneti ndiyo iliyomfufua. Mimi nabisha. Intaneti ilimrudishia jina, basi. Angeweza kununa, au kubaki kichekesho. Yeye alicheka na wanaocheka, kisha akaingia kazini. Mwaka 2016 alitoa albamu, *50*, nyimbo kaandika mwenyewe, nayo ikashika namba moja Uingereza. Kwa utani peke yake hufiki hapo.

Sisi hapa chuoni tunasaka kiki kabla hatujawa na kazi ya kuonyesha. Na mwenzetu akiahirisha mwaka ili alee mtoto, tunasema kaishia hapo. Nani katuambia?

Kiki hufungua mlango tu. Ukiingia mikono mitupu, utatoka hivyohivyo.