Betri Isiyojua Kupiga Hodi

Nimekaa kimya wiki tatu na baadhi yenu mmeniuliza nimepotelea wapi. Nilikuwa Kendu Bay nikigombana na betri. Leo sitaandika juu ya hifadhidata wala lugha mpya ya programu. Leo nina hasira, na hasira yenyewe nimeifanyia utafiti, kwa hiyo nivumilieni.

Binamu yangu ana baiskeli ya umeme. Saa kumi na moja alfajiri anateremka ufuoni, anapakia kreti mbili za samaki, kisha anashika barabara. Siku nyingine mzigo unaishia sokoni hapo hapo Kendu Bay, siku nyingine anapanda nao hadi Oyugis. Akiwahi anauza vizuri. Akichelewa barafu inayeyuka, na bei nayo inayeyuka. Hiyo baiskeli ndiyo karo ya watoto wake.

Baada ya mwaka mmoja na kidogo betri ilianza kuchoka, halafu siku moja ikakataa kabisa. Akapeleka dukani. Jibu: betri haifunguliwi, nunua nyingine, shilingi 52,000. Baiskeli nzima aliinunua 95,000! Ndipo akanipigia simu. "Omera, wewe si mtu wa kompyuta? Njoo uone hiki kitu."

Nikaenda, tukafungua. Ndani mlikuwa na seli 40 za lithiamu-ioni, zile ndefu kama kidole zinazoitwa 18650, zimepangwa makundi kumi ya seli nne nne. Kila seli ni volti 3.6 kwa wastani, kwa hiyo makundi kumi yaliyofuatana yanatoa volti 36. Nikachukua mita nikapima kundi moja moja. Makundi tisa yalikuwa salama, volti 3.7 hivi. Kundi la saba lilisoma 1.9. Seli moja kati ya nne ilikuwa ikivuja umeme na kuwanyonya wenzake watatu hadi wote wakalala chini. Bodi ya ulinzi, ile inayoitwa BMS, iliona kundi limeshuka mno ikakata umeme. Ilifanya kazi yake sawasawa, sina ugomvi nayo.

Kwa hiyo seli 36 kati ya 40 zilikuwa hai. Ukitaka shilingi 52,000 kwa sababu ya seli nne, hiyo si biashara, huo ni ujambazi wa mchana. Lakini subiri, hapo bado hatujafika.

Tukaamua tusitie kiraka. Seli iliyokaa chini ya volti 2 siirudishi kwenye chaja, kwa sababu shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena inaweza kujipiga shoti yenyewe kwa yenyewe. Na kuchanganya seli mpya na za zamani ni kufunga ng'ombe na punda kwenye jembe moja. Tukanunua seli mpya 60, zote za aina moja, tukaunda betri ya makundi kumi ya seli sita sita. Ile ya kwanza ilikuwa na Wh 360. Hii yetu ina Wh 648. Tuliweka bodi mpya ya ulinzi, fyuzi, kipima joto katikati ya seli, mikanda ya nikeli iliyoshikizwa kwa mashine ya cheche (usilehemu seli kwa moto wa pasi, utaiunguza), na kasha la bati lenye karatasi ya kuhami ndani. Gharama yote: shilingi 34,000.

Kijana mmoja aliyekuwa akitutazama akauliza mbona hatupandishi hadi volti 48, baiskeli ikimbie. Nikamwonyesha kapasita za kontrola. Zimeandikwa volti 50. Betri ya volti 48 ikijaa inafika 54.6. Utapata mwendo wa siku moja na moshi wa dakika tano. Sisi tulitaka masafa, kasi hatukuwa na haja nayo. Fanya hesabu: baiskeli, mwendeshaji na mzigo ni kilo 150. Kila mita 100 za kupanda kutoka ziwani zinadai Wh 41 hata kabla ya kuhesabu upotevu wa mota na upepo. Mwenye kubeba samaki mlimani anahitaji tangi kubwa.

Tukafunga betri, tukabonyeza swichi. Taa ikawaka, kioo kikaonyesha herufi ya kosa, mota ikanyamaza. Volti zilikuwa sawa, waya zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa waya wa tatu, mwembamba, wa data. Kumbe kontrola inataka betri ipige hodi kwanza. Yetu haikufundishwa adabu hizo.

Hapo ndipo wiki mbili zangu zilipokwenda. Nilichomeka kifaa cha kusoma ishara kwenye waya ule nikairudishia uhai bodi ya zamani kwa muda ili nisikilize mazungumzo yao. Yalikwenda kwa biti 9,600 kwa sekunde. Kontrola inauliza mara mbili kila sekunde, betri inajibu: nimejaa kiasi hiki, joto langu ni hili, na namba yangu ni hii. Namba hiyo ndiyo kufuli. Inatengenezwa kwa hesabu kutoka kwenye namba ya siri ya bodi, na kontrola inaijua.

Sasa sikilizeni jaribio nililofanya, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Nyote mnajua jibu la dukani: kufuli hili ni kwa usalama wako. Sawa. Nikaandika programu ndogo ya kujibu badala ya betri. Nikaidanganya kontrola kwamba joto la betri ni nyuzi 80. Betri ya nyuzi 80 ni ya kukimbiwa. Mota ikaendelea kuzunguka kama kawaida! Nikarudisha joto kwenye nyuzi 30, nikabadilisha tarakimu moja tu ya ile namba. Mota ikasimama papo hapo.

Soma tena aya hiyo. Betri inayokaribia kuwaka inaruhusiwa. Betri uliyoitengeneza mwenyewe hairuhusiwi. Wanalinda mauzo ya betri zao, basi. Usalama ni kanga waliyojifunika.

Na kufuli hilo linaleta hatari ambayo isingekuwepo. Mafundi wa jua kali si wajinga. Wamegundua zamani kwamba bodi ya zamani ndiyo inayojua kupiga hodi, kwa hiyo wanaiacha hai na seli chache kuukuu, halafu umeme wa kuendesha mota wanautoa kwenye seli nyingine walizozifunga pembeni, moja kwa moja, bila ulinzi wowote. Bodi inaendelea kuripoti: volti safi, joto nyuzi 27, hakuna neno. Inaripoti habari za seli ambazo hazifanyi kazi tena. Zile zinazofanya kazi hazina wa kuziangalia.

Jirani wa binamu yangu alikuwa na betri ya namna hiyo. Aliichaji usiku, ndani, karibu na kitanda, kwa kuogopa wezi. Kundi moja lilijaa kupita kiasi na hapakuwa na kitu cha kukata umeme. Mke wake aliamshwa na harufu. Walitoa watoto watatu nje, godoro na nusu ya paa havikutoka. Watu wakasema: mnaona, betri za kienyeji! Mimi nilikwenda kuangalia mabaki asubuhi yake. Bodi ya ulinzi ilikuwepo, ya kampuni, imefungwa vizuri kabisa, mahali ambapo haikulinda chochote. Fundi aliiweka pale kwa sababu ya ile namba tu. Kama kontrola ingekubali bodi ya kawaida, kwa pesa kidogo angeweka bodi ya kawaida.

Najua mtakaloniambia. New York. Ni kweli, mwaka 2023 jiji la New York lilipata mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu-ioni na watu 18 wakafa. Mwaka huo huo jiji likapiga marufuku kuunda betri kwa seli zilizotolewa kwenye betri zilizotumika. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Wewe unayeokota seli za kompyuta mbovu za mapajani, unaziunga bila kuzipima, halafu unaweka video ya kujisifu, una lako la kujibu pia. Lakini tazameni walichokataza: seli chakavu. Walisisitiza vipimo na viwango. Siri kwenye waya wa data haizimi moto wa aina yoyote.

Tena Ulaya wamekwenda mbele zaidi. Kanuni yao ya betri, namba 2023/1542, inasema kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za baiskeli za umeme na vyombo vyepesi kama hivyo, pamoja na seli zake moja moja, ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi huru. Na inakataza waziwazi kutumia programu ya kompyuta kuzuia betri nyingine inayofaa isiwekwe. Basi nauliza: vyombo vya kufungua vitakwenda Ulaya, na vya kufuli vitaletwa Kendu Bay?

Hapa kwetu hatuna haja ya kuomba kama maskini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Namna betri inavyozungumza na kontrola ni habari. Tena Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme na betri za lithiamu-ioni kwenye VAT ya asilimia sifuri. Yaani mimi na wewe tuliachia kodi ili vitu hivi vienee. Tulichopewa ni kufuli.

Wazee wa ufuoni wanakumbuka kwamba mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilifungua kituo Mbita, wavuvi wakapata taa za betri za kukodi badala ya karabai. Mpango wa kukodi nauelewa. Taa si yako, ikiharibika unairudisha, mwenyewe ahangaike nayo. Hata kampuni ya kukodisha baiskeli ikifunga betri zake kwa minyororo saba sitalalamika, mali ni yao. Lakini binamu yangu hakukodi. Alinunua, risiti anayo. Umemuuzia kitu kwa bei ya kununua kisha umembakishia haki za mpangaji. Chagua moja.

Nataka mambo matatu tu. Kwanza, ukurasa mmoja wa karatasi unaoeleza mazungumzo ya waya wa data: kasi, mpangilio wa ujumbe, maana ya kila namba. Pili, kontrola ikubali betri yoyote yenye volti sahihi, na ikatae betri yenye joto la hatari, hata kama ni ya kampuni yenyewe. Tatu, duka liuze seli nne na bodi kwa anayezitaka. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji uvumbuzi.

Neno la mwisho ni kwetu, waandishi wa programu. Ile mistari inayolinganisha namba haikujiandika. Kuna mtu kama mimi, kwenye meza kama hii yangu, alipewa kazi hiyo akaiandika, akaijaribu, ikapita. Pengine ujumbe wa joto aliuacha aumalizie baadaye na hakurudi tena. Mimi pia nimewahi kuacha hivyo, nisijifanye mtakatifu. Lakini yangu ilikuwa fomu ya ankara. Haikulala chini ya kitanda cha mtu. Siku ukiletewa kazi ya kufunga kitu alichonunua mtu, uliza kinacholindwa ni nini. Ukijibiwa usalama, omba uandike ukaguzi wa joto kwanza.

Betri ya binamu yangu sasa inapiga hodi. Nimeweka kidude kidogo kinachojibu kwa namba inayotakiwa, na kwa joto la kweli kutoka kwenye kipima joto chetu. Kwa kuwa kontrola haijali joto, kidude chenyewe kinanyamaza likifika nyuzi 60, mota inasimama. Kazi ya dakika 20, mistari sita. Juzi alipanda Oyugis na kreti zake mbili na kurudi bila kuchaji njiani. Betri anaichajia nje, kwenye kibanda cha bati alichokijenga yeye mwenyewe, mbali na wanapolala watoto.

Anayeuza baiskeli hizi na anaona nimemwonea, na aje Kendu Bay na kontrola yake. Mita ninayo, na jaribio la nyuzi 80 linachukua dakika mbili.